Mwalimu Asia Singano na Mashine ya Divine

Tarehe 30 Juni 2025, Mwalimu Asia Singano anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha fizikia Kibondo na Kasulu. Alitoka Lushoto mwaka 1992 akiwa na sanduku moja na koti zito, akaripoti shule ya Kitahana, Kibondo. Mwaka 2003 akahamia shuleni kwetu, Kasulu, na hakuomba tena uhamisho.

Jikoni hawatamsahau. Alipoona kuni zinavyokwisha, alimwomba mpishi mkuu, Mama Mpawenimana, achemshe maharage nusu saa tu, kisha aifukie sufuria ndani ya kapu lililojazwa majani makavu ya migomba na mablanketi. "Mwalimu, watoto watakula mawe," Mama alisema. Saa nne baadaye maharage yalikuwa laini, na wanafunzi walikuwa wameelewa kwamba joto hutoka penye moto kwenda penye baridi, na kwamba ukilizuia njiani linakufanyia kazi.

Nilipomwonyesha rasimu ya wasifu huu, iliyojaa sifa tupu, aliirudisha. "Bazilio, umemwacha Divine. Mweke, la sivyo umeandika habari za mtu mwingine." Ruhusa ya Divine alikwenda kuiomba Mwalimu mwenyewe.

Divine Niyomwungere, binti wa wakulima wa Kitanga, alikuwa kidato cha tatu mwaka 2009. Alileta darasani dinamo ya baiskeli na mota ya redio mbovu, ameziunganisha kwa mpira wa tyubu. Alitaka mota izungushe dinamo, dinamo iipe mota umeme, izunguke daima, na kwao wapate taa. Mwalimu Asia alikuwa na haraka ya kumaliza mada kabla ya mitihani.

"Nishati haiumbwi wala haiharibiwi, Divine. Ondoa hayo makorokoro."

Darasa likacheka. Divine akabeba mashine yake, akatoka, na hakurudi tena kwenye kipindi cha fizikia.

Wiki mbili baadaye mwalimu alifungua daftari la Divine lililobaki mezani. Binti alikuwa amepima muda ambao mashine ilizunguka baada ya kuisukuma kwa mkono: sekunde nne; alipotia mafuta, saba; alipolegeza mpira, tisa. Chini aliandika: "Mpira unapata moto. Je, nguvu inakimbilia humo?" Ndivyo ilivyo. Nishati haikupotea, ila ilikuwa imegeuka joto lisiloweza kukusanywa lote na kurudishwa kazini. Divine alikuwa amekuja kuuliza swali hilo, na hakupewa nafasi.

Mwalimu alipanda basi hadi Kitanga kuomba radhi. Divine alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. "Nimekusamehe, Mwalimu. Ila fizikia siitaki tena." Leo ni fundi cherehani hapa mjini.

Tangu mwaka ule, kila kidato cha tatu huunda mashine ile ile, na kila mwanafunzi huugusa mpira kwa kidole kabla kanuni haijaandikwa ubaoni. Kadhaa kati yao sasa ni wahandisi. Mwalimu Asia hupenda kuwataja majina.

Nami nilikuwa katika ofisi ya walimu siku darasa lilipomcheka Divine. Niliposimuliwa, nilicheka kama wengine.

Mwalimu Asia, asante kwa miaka yote hiyo. Ufike Lushoto salama, upumzike, ujaliwe afya. Jumamosi nitapita kwa Divine. Nimechelewa miaka kumi na sita.