Marehemu Dorothy Kahaso na Upasuaji Aliouchagua Mwenyewe

Dorothy Kahaso Kenga, tunayemzika leo hapa nyumbani kwake Magogoni, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1964 huko Kaloleni, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba mwaka wa 1979, na tarehe 2 Mei 1985 akaajiriwa dobi katika hoteli moja ya Shanzu, kazi iliyomfanya asivumilie shuka lenye mkunjo, hata la mgeni wa usiku mmoja.

Tarehe 15 Desemba 1988 alifunga ndoa na Randu Nguma, mtu wa maneno machache aliyebahatika kupata mke wa kumsemea, wakajaliwa Winfred na Kai, na baadaye wajukuu aliowadekeza kwa mahamri.

Machi 2019, miaka mitano baada ya kukoma hedhi, aliona damu, naye ameagiza tuliseme hili wazi, ili mwanamke mwingine asikae nayo nyumbani akiona haya. Ilikuwa saratani ndani ya kizazi, bado changa, na daktari akaeleza kwamba kizazi chaweza kutolewa kwa kupasua tumbo, au kwa kamera na vyombo vinavyopitishwa kwenye matundu madogo, na kwamba kwa hatua ile matokeo kwa kawaida hayapishani, ila matundu hupona haraka. Wazee wetu walishikilia tumbo lipasuliwe, kila kitu kionekane kwa macho, Kahaso akachagua matundu, na Randu akasimama naye.

Alifanyiwa upasuaji tarehe 11 Juni, na wanawake waliomletea uji wa pole wakamkuta anapiga pasi, wakamgombeza mpaka akaketi, akawaonyesha makovu madogo kama ya chanjo, wakacheka wote.

Tulikaa naye akiwa mzima miaka mitano, akamwona Kai akioa. Ugonjwa ulirudi Novemba 2024, mapafuni, akafariki tarehe 3 Septemba 2025, na matangani kukaanza kunong'onwa kwamba Randu ndiye aliyemuua, kwa kukubali matundu. Madaktari walituambia hawaoni kuwa njia ile ndiyo iliyourudisha, kwani huwarudia hata waliopasuliwa tumbo. Lakini Kahaso alitujua, hakutungoja, alimwagiza Winfred kwamba siku ya maziko isomwe kuwa aliyechagua ni yeye, na udongo wa kwanza autie Randu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kulala nasi, na wenzake wa hotelini walioleta shuka la kumfunikia, wakalipiga pasi wenyewe.

Randu, tangulia, sisi tuko nyuma yako. Nawe Kahaso, pumzika kwa amani, maneno yako yamefika.