Tusekile, Aliyewapikia Wana wa Wenzake

Ndugu, majirani na wakwe zetu mliofika hapa Itungi leo Alhamisi, tarehe 11 Mei 1916, mimi Eliud, mdogo wake marehemu, nimepewa kazi ya kuyasoma maisha yake. Nimeyaandika kwa shida. Wino ni haba siku hizi, na maneno ya faraja ni haba zaidi. Anayeyatarajia kwangu leo atanisamehe.

Marehemu Tusekile alizaliwa Busale karibu mwaka 1884, mtoto wa kwanza wa Mzee Hezekia na Mama Neli. Baba yetu alikuwa mtu wa migomba na ng'ombe. Mama alikuwa Mkisi wa ufukweni mwa ziwa, na ufundi wa kufinyanga alikuja nao kwa mumewe. Mwaka aliozaliwa dada, mama alifinyanga chungu kikubwa mno, majirani wakamtania kwamba anataka kumpikia chifu na ng'ombe wake. Mama aliwajibu kwamba mtoto hali peke yake. Chungu hicho ndicho kile kilichoegemezwa pale ukutani mwa nyumba yake.

Mwaka 1898 dada alianza masomo katika kituo cha misheni kilicho vilimani, akajifunza kusoma na kuandika, na Kiswahili akakishika upesi kuliko wavulana, jambo ambalo wavulana hawakulipenda. Alibatizwa siku ya Pasaka, tarehe 7 Aprili 1901. Jina la Kizungu alilikataa. Tusekile maana yake tumefurahi, naye alisema Kyala, Mungu wetu, analisikia vizuri tu. Leo hatujafurahi, lakini jina ndilo lake.

Oktoba 1902 aliolewa na Yakobo, mwana wa Mzee Mwaipaja, akahamia hapa Itungi. Mila yetu mnaijua: mkamwana hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, na wakikutana njiani, mkamwana huiacha njia. Dada aliishika mila hiyo hata baada ya ubatizo. Mzee Mwaipaja ni mtu wa kutembea sana, kwa hiyo dada aliishi nusu njiani na nusu kwenye migomba. Jumapili nyingi aliingia kanisani na vipande vya majani makavu kichwani, nasi tukajua mzee amepita. Alicheka mwenyewe, akasema matope ya pembeni anayafahamu kuliko njia.

Kazi yake ilianza Agosti 1909. Alikuja huku msomi mmoja kutoka Ulaya, ambaye watu walimwita Bwana Mauliza. Alitaka kujua jinsi familia zinavyobadilika tangu serikali na misheni zije, na watoto wana hali gani. Dada akachukuliwa kuwa mkalimani, kwa sababu mambo ya watoto wanayo akina mama, na mama hamwelezi mwanamume mgeni habari za kaburi la mtoto wake.

Bwana Mauliza alitaka idadi tu. Kwetu mama hasemi mbele ya watu ana watoto wangapi wazima, ni kama kukiita kifo kije kuchagua. Dada hakuuliza idadi. Aliketi jikoni, akamenya ndizi pamoja na mwenye nyumba, akauliza majina: huyu ni nani, aliyemfuata ni nani, yule wa katikati mbona humtaji. Hapo wanawake walilia, wakasema yote. Nilimsindikiza mara chache, na sijaona mtu aliyesikiliza vile. Aliamini kwamba mkubwa wa serikali akijua watoto wetu wanakufa kwa nini, hatakaa kimya.

Sasa nifike kwenye siku ambayo kazi hiyo iliharibika. Kwa watoto waliozaliwa juzi, niseme kwanza jinsi tulivyolelewa. Mvulana wa kwetu akifika umri wa kuchunga hakulala tena nyumbani kwa wazazi, ilikuwa aibu. Alijenga kibanda na wenzake wa rika pembeni ya kijiji cha baba zao. Kulala walilala huko, lakini kula walikula kwa mama zao, wote pamoja, leo kwa mama huyu na kesho kwa mama yule. Mimi nilikula hivyo. Mama wa mwenzangu akifa, mwenzangu hakulala njaa, maana nyumba zote zilikuwa zake. Hakuna aliyeona ni wema. Ilikuwa desturi tu.

Bwana Mauliza na dada walipofika kwenye vibanda vya vijana hapa Itungi, Mzee Mwaipaja akatokea upande wa pili, amekuja kumtazama mwanawe mdogo. Dada akafanya alichofundishwa na mama yetu na bibi zetu wote: akaingia kwenye migomba, akainama huko mpaka mzee aondoke. Mzee alikaa. Bwana Mauliza hakungoja, akauliza mwenyewe kwa Kiswahili chake kidogo. Baba yako yuko hapa? Hayupo. Mama yako yuko hapa? Hayupo. Nani anakupikia hapa? Hapa hakuna anayepika. Vijana walijibu kweli tupu. Dada alipotoka, karatasi zilikuwa zimekunjwa, na safari ikaendelea. Hakuna aliyemwambia kilichoulizwa, wala hakujua kuna la kuuliza.

Msomi alirudi kwao. Mwishoni mwa mwaka 1910 ikaja amri: vijiji vya wavulana vibomolewe, maana ni watoto waliotupwa na wazazi wao, na kila mtoto arudi alale kwa baba yake. Dada alipoisikia, alinichukua tukaenda bomani kwa miguu. Karani alitusomea yaliyoandikwa na Bwana Mauliza, kwamba watoto wale hawana mtu.

"Wana mama wengi kuliko wewe," dada akamwambia. "Kila mama wa kijiji ni mama yao."

Karani akamuuliza kwa nini hakusema siku ile, ilhali mkalimani alikuwa yeye.

"Nilikuwa kwenye migomba," alisema.

Karani alicheka hadi akafuta macho. Alipomaliza, alituambia amri ni amri, na vibanda vikabomolewa wiki iliyofuata.

Mzee Mwaipaja aliposikia habari hizo, hakuweza kusema na mkamwana wake, hivyo alimtuma mtoto amwambie kwamba laiti siku ile yeye mwenyewe angebaki nyumbani. Dada akarudisha jibu kwa mtoto yuleyule: "Mwambie babu, ndaga, asante. Kosa si lake." Lilikuwa la nani, basi? Nimelitafuta miaka mitano. Dada aliheshimu, mzee alimpenda mwanawe, vijana walisema kweli. Hata huyo msomi, naambiwa alitulilia kwenye kitabu chake.

Baada ya hapo dada alirudi jikoni kwa akina mama wale wale, mwaka baada ya mwaka, bila kutumwa na mtu, kutazama watoto wanaendeleaje. Alichokiona kilimmaliza. Wavulana walikula kila mmoja kwao, na polepole wakaona haya kuingia kwa mama wa mwenzao. Ndani ya miaka michache tu, mtoto mwenye njaa alipita mlango wa jirani anayepika akatazama chini. Ugonjwa uliingia nyumba zilizojaa, ukawachukua waliolala pamoja. Mtoto wake wa mwisho, Angetile, alikufa hivyo mwaka 1913.

Kisha vita. Mwaka jana Yakobo alichukuliwa kubeba mizigo ya askari, na hatuna habari yake. Ng'ombe walichukuliwa, chakula kikachukuliwa. Wanawake walikufa na kuacha wavulana ambao, laiti vibanda vingekuwepo, wangekuwa na nyumba za kula. Hapo dada alikishusha chungu cha mama, akamwambia mwanawe mkubwa, Andongwisye: "Nenda kalete wenzako." Mtoto aliuliza wenzake gani. Hakuwahi kuwa na rika, masikini. Dada akatoka mwenyewe, akawakusanya.

Alipika alichokipata, hata shina la mgomba. Majirani walimwambia anawamalizia wanawe chakula. Alitaraji mama mmoja tu aseme, kesho waje kwangu, ili mzunguko urudi. Hakuna aliyesema. Sijawalaumu, nanyi msijilaumu mkiwa hapa kaburini. Mlikuwa hamna kitu. Lakini hakuna aliyesema.

Aprili alianza kuhara damu. Hakuwa na mwili wa kupambana, kwa kuwa alikuwa akila mwisho, na mwisho wa chungu mnaujua. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Mei, aliniuliza:

"Wamekula?"

Nikamwambia bado. Alijaribu kuinuka. Nilimshika mabega, yalikuwa mepesi kama ya mtoto. Akaniuliza tena, nikamlaza, na kabla ya adhuhuri akafariki.

Ameacha mume, Yakobo, kama yu hai. Ameacha Andongwisye, mwenye miaka kumi na miwili, na Veronika, mwenye minane. Ameacha mama yetu Neli, nami mdogo wake. Amemwacha baba mkwe wake, Mzee Mwaipaja, ambaye tumemsihi asogee, lakini amekataa, kwa sababu heshima haiishi kwa kifo. Amesimama kule nyuma ya migomba. Leo ni zamu yake.

Ameacha pia Lazaro, Aliko, Yotamu na wadogo zao, ambao hakuwazaa. Ndio wale walioketi karibu na chungu. Tangu juzi hawajaondoka pale, na hakuna aliyewaita.

Nilitaka kumaliza kwa kusema kazi yake tutaiendeleza. Nimezitazama nyuso zenu, nimejitazama na mimi, nikalifuta neno hilo.

Lala kwa amani, dada. Umechoka. Usituulize tena kama wamekula.