Fundi Koki Aweka Spana Chini

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo chetu cha matengenezo ya nyumba, Fundi Koki anastaafu rasmi mwisho wa mwezi huu. Jina hilo alibandikwa na wateja. Hata kabla hajakaribishwa kiti, huuliza koki kuu ya maji iko wapi, kisha huwataka wote waliomo ndani, bibi mwenye fimbo akiwemo, waifunge na kuifungua kwa mikono yao wenyewe.

Alianza kama fundi bomba. Kisha mama yake mzazi aliteleza bafuni, akavunjika nyonga, na hakuinuka tena. Aliporudi kutoka msibani, mwenzetu huyu aliyezoea kututania kutwa alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa kitengo. Aliomba ahamishiwe kwenye kazi ya kuzungukia nyumba na kuwashauri wenyeji juu ya usalama. Huko ndiko aliko hadi leo.

Kazi hiyo imemwingia damuni. Kwenye harusi ya karani wetu alikuta mlango wa dharura umezibwa na viti, akavua koti na kuanza kuvihamisha. Bwana na bibi harusi walisubiri nje hadi aliporidhika. Picha zipo, na jasho lake linaonekana.

Lakini tunamkumbuka zaidi kwa habari ya mshonaji mmoja mjane. Mama huyo alianguka bafuni, na kwa kuwa mlango ulifungukia ndani, mwili wake ukauzuia. Mwanawe ilibidi auvunje mlango. Watoto wakakata shauri nyumba ifungwe, mama ahamie kwa bintiye. Cherehani ilikuwa imeshafungwa kwa kamba walipotuita tuthibitishe kwamba nyumba haifai.

Fundi Koki alimwomba mama apite humo nyumbani kama apitavyo kila siku, naye akamfuata polepole. Aliona zulia linalokunjamana, taa ya ukumbini iliyofifia, na sinki lililolegea ukutani kwa kushikiliwa kila asubuhi. Waliporudi sebuleni, mama akawageukia watoto.

“Wanangu, nataka kitu cha kushikilia. Mtu wa kunishikilia kutwa sitaki.”

Fundi aliwaambia wazi kwamba hawezi kuahidi mama hataanguka tena. Aliomba tu apewe nafasi ya kujaribu. Akaugeuza mlango ufungukie nje, akatoa zulia, akabadilisha taa, akakaza sinki na kufunga vishikio vya chuma bafuni. Mbele ya wote akaning’inia kwenye kishikio kwa uzito wake wote, na tunaomjua tunajua si haba. Binti, ambaye tangu mwanzo alikuwa mkali, alikishika naye, akakivuta kwa nguvu, kisha machozi yakamtoka. Akaenda kuifungua kamba ya cherehani mwenyewe.

Mama huyo bado anaishi pale. Bintiye humtembelea kila wiki, na siku hizi hukaa wakapiga soga.

Fundi, asante kwa subira yako, kwa mizaha yako, na kwa magoti uliyoyachosha kwenye sakafu za watu. Tunamshukuru pia shemeji yetu, mkeo, aliyevumilia simu zetu za wakati wa chakula. Tunakuombea afya, wajukuu wa kukuchosha vizuri, na usingizi mnono wa mchana. Tukikupigia tena, itakuwa kukujulia hali tu.