Kiti cha Mbele cha Zuleha

Saa nane mchana, Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba 1996, mlango wa ukumbi mmoja wa Bondeni, Arusha, ulifungwa na karatasi ikabandikwa: Maonyesho ya Mavazi ya Stara, Wanawake Tu. Ng'ambo ya barabara, kwenye benchi la kahawa, wanaume watatu walikwisha kuisoma karatasi hiyo kwa zamu. Abdulhalim, mwenye birika, aliitwa Gavana kwa kuwa hakuna aliyekaa pale bila ruhusa yake. Philemoni, karani mstaafu kutoka Machame, aliitwa Redio. Wa tatu alikuwa Sefu, fundi cherehani. Huyo aliitwa Futi, kwa sababu futi ya kupimia ilining'inia shingoni mwake hata siku zisizo na kazi. Siku hizo zilikuwa nyingi. Tangu mitumba ijae sokoni na mabaibui ya Dubai yaanze kuuzwa yakiwa tayari, watu walimletea Sefu suruali za kupunguza, basi.

Sefu alikuwa na sababu ya kuutazama mlango ule. Kwenye karatasi yalikuwepo majina matatu ya wabunifu, na la mwisho lilikuwa la Salwa. Salwa alijifunza kazi barazani kwa Sefu miaka mitano, chini ya mkono wa mkewe, Zuleha, kabla ya kwenda Unguja mwaka 1991. Sefu alitaka kumwona mara moja tu akiwa amesimama mbele ya kazi yake.

– Mimi swali langu ni moja, alisema Gavana. Nguo ya stara ni ya kusitiri mtu. Sasa unamsitiri halafu unampandisha jukwaani?

– Ndiyo maana wamefunga mlango, Redio akajibu. Onyesho lenyewe limevalishwa baibui.

Redio alikuwa na habari zaidi. Kwa maelezo yake, wanaume walizuiwa kwa sababu ya wafanyabiashara wa Nairobi, ambao wakiona mkato mpya jioni, kesho yake unauzwa Namanga. Gavana alisema hilo ni dogo. Yeye alisikia mama mmoja ameletwa kutoka Dubai na kompyuta inayompima mtu bila kumgusa. Redio akaongeza kwamba inapima na inashona. Ikifika mwaka elfu mbili, utatia kitambaa asubuhi, adhuhuri utoe gauni limepigwa pasi, na fundi atakuwa mtu wa kubonyeza tu.

– Futi, wewe utabonyeza nini? alimalizia Redio.

– Itamchekesha mteja hiyo kompyuta yako? aliuliza Sefu.

– Imchekeshe kwa nini?

– Zuleha alikuwa hapimi mtu mpaka amchekeshe. Anayeogopa futi hujibana tumbo. Unamshonea nguo ya mtu mwingine.

Zuleha alikuwa amefariki mwaka juzi, mwezi wa Ramadhani, na Gavana na Redio walikuwa wamembeba hadi makaburini.

Jana yake, binti mmoja wa Njiro, mgeni kwa mtaa ule, alifika barazani na kadi ya mwaliko. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono: Kwa Mama Zuleha, kiti cha mbele. Binti alimuuliza Sefu kama hapa ndipo, Sefu akasema ndipo, akaipokea. Aliikalisha usiku kucha juu ya cherehani. Asubuhi aliona si vizuri kiti kikae kitupu, akampa kadi Ndeshi, mke wa Redio. Ndeshi ni Mlutheri wa Machame, lakini alijifunga mtandio vizuri akaingia. Sefu alimwomba jambo moja. Akipata nafasi, apapase ndani ya mshono wa nguo ya Salwa, aone kama ameacha akiba ya kitambaa, upana wa vidole viwili. Nguo za dukani haziachi. Zuleha alikuwa akisema mtu hunenepa, huzaa, hukonda, na nguo iwe na pa kumfuata.

– Watatoka kutusalimia? aliuliza Sefu.

– Wabunifu? Redio alicheka. Hao wanatokea nyuma, gari la vioo vyeusi, moja kwa moja Njiro.

– Salwa huyu huyu? Aliyekuwa akilala na pini mdomoni?

– Futi, watu wakishapata jina hubadilika.

Sefu alizungusha kikombe mkononi. Ndipo alipofika mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Ngaramtoni, Lerionka, na suruali ya mtumba mikononi. Alitaka ipunguzwe inchi mbili.

– Shikamooni, wazee.

– Marahaba. Kaa, alisema Gavana.

Lerionka akakaa. Saa kumi ilipopita kidogo, Ndeshi alionekana. Hakutokea mlango wa mbele. Alikuja kwa uchochoro wa pembeni, viatu mkononi.

– Mama Hanna, kumeisha? aliuliza mumewe.

– Bado. Nimetokea jikoni.

Alikaa ukingoni mwa benchi, akaeleza kwa utaratibu. Nguo zilikuwa nzuri, magauni marefu, mikono mirefu, shungi za kila rangi, na wasichana walitembea bila haraka. Mwisho alitoka Salwa mwenyewe na gauni la kijani ambalo hakuna aliyelivaa. Aliwaambia watu kwamba amelikata kwa vipimo alivyovikumbuka kichwani, kwa ajili ya mama aliyemshikisha mkasi. Akamwomba mama huyo asimame alipokee.

– Kiti kina jina lake, shemeji, na mimi ndiye niliyekikalia, Ndeshi alimwambia Sefu. Aliniangalia, akadhani namshikia nafasi. Akasema, basi tutamsubiri. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

– Na wewe?

– Nilishindwa kusema. Mbele ya watu wote wale? Nikapita jikoni.

Lerionka alikuwa ameiweka suruali magotini. Alitazama mmoja baada ya mwingine.

– Samahani, wazee. Huyo dada, nani alimwambia kwamba mama amefariki?

Gavana alimtazama Redio. Redio alikuwa amedhani Gavana, mwenye ndugu Unguja. Gavana alikuwa amedhani watu wa msikitini. Ndeshi alikuwa ameamini habari kama hiyo hufika yenyewe. Sefu hakumtazama mtu. Kwenye droo ya cherehani kulikuwa na barua mbili za Salwa zilizofika baada ya mazishi, zote kwa jina la Zuleha. Alikuwa amezisoma. Alikuwa amenunua karatasi na bahasha, akaandika "Mwanangu Salwa," akakomea hapo.

– Gavana, nimiminie.

– Imekwisha, Futi.

Sefu aliona Gavana alivyolinyanyua birika kuliondoa. Lilikuwa bado zito kwa kahawa.

Akasimama, akavuka barabara. Mama aliyekaa mlangoni alimwonyesha karatasi.

– Wanawake tu, mzee.

– Najua, mama. Mwambie Salwa kwamba Fundi Sefu yuko hapa nje.

Alisubiri kwenye ngazi. Mlango ukafunguliwa, Salwa akatoka, gauni la kijani mkononi. Alikuwa amenenepa kidogo. Pini moja ilikuwa imechomekwa kolani, kama zamani.

– Shikamoo, Baba.

– Marahaba, mwanangu.

– Mama yuko wapi? Nimelikata kwa kichwa tu hili, inabidi alijaribu.

Sefu alinyoosha mikono, akalipokea gauni. Akalipindua, akapitisha kidole gumba ndani ya mshono wa ubavuni, kulia, kisha kushoto. Kitambaa kilikuwa kimeachwa vidole viwili kila upande.

Saa kumi na dakika ishirini, pale pale kwenye ngazi, alimwambia.