Fundi Upepo na Hita ya Kumi na Moja

Kabla sijaanza, kuna jambo bibi amesema lisisubiri. Kama marehemu alikufungia hita ya gesi kati ya tarehe 3 Mei na tarehe 21 Juni mwaka huu, na hakuna fundi aliyerudi kuifungua tena, tafadhali usiiwashe leo ukifika nyumbani. Hata kama ni baridi. Sababu nitaieleza nikifika kwenye ugonjwa wake.

Marehemu babu yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Fundi Upepo, alizaliwa tarehe 12 Agosti 1954, mtoto wa nne kati ya saba, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Dada yake mkubwa anasema alikuwa mtoto wa kufungua vitu. Alifungua saa ya baba yao, redio ya jirani, na siku moja kitasa cha choo wakati mjomba wao yumo ndani.

Alisoma shule ya msingi karibu na reli kuanzia 1962 hadi 1968, kisha sekondari, na mwaka 1973 akaingia chuo cha ufundi, akasomea majokofu na viyoyozi. Alipenda kuulizwa maswali, na mimi nilimuuliza mengi kupita kiasi. Niliwahi kumuuliza kiyoyozi kinaitoa wapi baridi.

"Hakitoi baridi popote," akasema. "Kinachukua joto la ndani, kinalitupa nje."

"Kwa hiyo tunamtupia jirani?"

"Ndiyo. Basi msalimie vizuri."

Alianza kazi mwaka 1976 katika kampuni ya maghala ya baridi, na mwaka 1989 akaanza kujitegemea. Alisafisha vichujio, aliziba mabomba yanayovuja, na miaka ya karibuni alikuwa akiwabadilishia watu mashine kuukuu zinazokula umeme, akiwafungia kiyoyozi kipya na hita mpya kwa pamoja. Alikuwa na utaratibu wake. Kwenye maungio ya mabomba huwekwa mpira mdogo wa duara. Mwekundu unavumilia moto, huwekwa kwenye bomba linalotoa moshi wa hita. Mweusi ni wa bomba la maji ya kiyoyozi, na ukipata moto unayeyuka. Ukubwa wake ni uleule. Ili asichanganye akiwa juu ya ngazi, babu alivaa myekundu kwenye vidole vya mkono wa kulia na myeusi kwenye vya kushoto, kama pete. Watoto wa wateja walimwita bwana harusi.

Alifunga ndoa na bibi yetu tarehe 8 Desemba 1979. Bibi alikuwa mpiga chapa kwenye ofisi ambayo babu aliitwa kutengeneza kiyoyozi. Babu alirudi mara tatu wiki ile. Bibi akamuuliza, "We fundi, hiki chombo kina nini kisichopona?" Ikabidi akiri kwamba kila akiondoka alikuwa anaweka skrubu moja mfukoni, ili kesho awe na cha kurudisha. Walijaliwa watoto watatu.

Mwezi Januari mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, halafu mikono. Kufikia mwanzoni mwa Mei mipira haikupita tena vidoleni. Hakumwambia mtu. Aliitia yote kwenye mfuko mmoja wa ovaroli, na huko juu ya dari penye giza akawa anaitoa kwa kupapasa. Tarehe 22 Juni alifungua boksi la mipira myekundu, ambalo lilipaswa kuwa limebaki nusu, akalikuta karibu limejaa. Mama anasema alikaa chini sakafuni palepale.

Maana yake mabomba ya moshi alikuwa ameyawekea myeusi. Tangu Mei alikuwa amefunga hita katika nyumba kumi na moja. Bomba likiachia, moshi wa hita unabaki chumbani, na ule moshi hauna harufu wala rangi. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, basi. Babu alizirudia nyumba nane, akipumzika kila ngazi ya tatu. Katika ya nane mpira ulikuwa umeshalainika, na mtoto wa pale alikuwa akilalamikia kichwa wiki nzima. Yuko salama. Jioni hiyo babu akalazwa.

Hakuwahi kuandika anwani za wateja. Aliwakumbuka kwa sura na vituko. Pale wodini alimtajia mwenzake wa kazi, tunayemwita Mrefu, nyumba mbili: kwa mwalimu mstaafu wa hesabu, na kwa mama wa mapacha. Zote zimesharekebishwa. Nikamuuliza ya mwisho ni kwa nani.

"Kwa yule aliyenicheka," akasema.

"Alikucheka lini, babu?"

"Nilipokwama kwenye ngazi. Alicheka sana yule. Hata mimi nikacheka."

Hakusema tena lililoeleweka. Alifariki tarehe 9 Julai 2024, saa nne asubuhi, bibi akiwa amemshika mkono.

Mrefu amepiga namba zote zilizo kwenye simu ya babu. Nne hazipatikani. Shangazi aliomba sehemu hii niifute. Alisema, "Utamchafulia baba jina mbele ya jeneza lake?" Bibi akamjibu, "Mwanangu, mimi ndiye mjane. Isomwe." Naisoma nikiogopa. Naogopa kwamba huyo mtu yuko hapa, amekuja kumzika fundi wake kwa heshima, na akirudi atafunga madirisha kwa sababu ya baridi hii na kuwasha hita.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada yake mkubwa, na wateja ambao hatuwezi kuwahesabu.

Ndugu yetu uliyecheka, hukukosa adabu. Yeye mwenyewe alikumbuka kile kicheko kwa furaha. Mrefu amesimama pale getini na mkoba wake wa vifaa, na gari lipo. Tafadhali nyoosha mkono sasa, hata kama huna hakika, hata kama udongo haujarudishwa kaburini. Tutasubiri.

Babu, lala salama. Hiyo moja tuachie sisi.