Soizic Kermorvan na Waya Uliojiviringa Kushoto

Bi Soizic Kermorvan, mkaguzi wa lakiri wa Mbio za Duara, anastaafu Ijumaa tarehe 31 Mei 2024, baada ya miaka thelathini na saba ya kazi na mashindano kumi bila kukosa hata moja. Hapa Port-Armel hakuna mwingine anayeweza kusema hivyo. Mimi mwenyewe, Fañch Guivarc'h wa kreni, ambaye wengi wenu mnaniita Mjomba hata msio ndugu zangu, nilikosa ya kwanza, ya 1987, kwa sababu nilivunjika mguu nikimwokoa ng'ombe aliyetumbukia baharini. Soizic anasema nilianguka na baiskeli. Tuyaache hayo.

Gaëlle wa jarida letu ameniomba mimi niandike kwa kuwa, anasema, nikiandika watu hucheka. Mtacheka. Angalau mwanzoni.

Vijana wa ofisini mnaozifuata boti kwenye kompyuta na hamjawahi kuingia kwenye tumbo la boti hata moja, kazi ya Soizic ni hii. Mbio zetu, kila miaka minne, ni mtu mmoja, boti moja, dunia nzima, bila kusimama, bila kusaidiwa, na bila injini kuisukuma boti. Injini inaruhusiwa kuwaka ili kuchaji betri, basi. Kwa hiyo shafti ya propela hufungwa waya mwembamba, na ncha za waya hubanwa kwa kipande cha risasi chenye namba. Hiyo ndiyo lakiri. Siku moja kabla ya safari Soizic hulala kifudifudi, kichwa chini, tochi mdomoni, akafunga. Boti ikirudi, huingia tena akaangalia. Lakiri ikiwa nzima, umezunguka dunia. Ikiwa imekatika na hukutoa taarifa kwa redio, umetembea tu.

Kazi hiyo hakuiomba. Mwaka 1987 aliajiriwa kupiga chapa barua. Mkaguzi alikuwa bwana mmoja mpenda siagi, na kwenye boti ya tatu akakwama katika tundu la injini saa nne asubuhi. Wanasema alitolewa kwa kupakwa siagi hiyohiyo. Mimi sikuwepo, lakini najua ilikuwa kilo mbili, ya chumvi. Mwenyekiti akatoka nje akapaza sauti, “Nani hapa ni mwembamba?” Soizic akaweka kalamu chini. Hakuirudia tena.

Mwaka ule ziliondoka boti kumi na nne, za mbao na za aluminiamu, manahodha wakipima jua kwa kipimo cha mkononi na kutupigia simu ya redio mara moja kwa wiki, wakati mwingine tusisikie ila mikwaruzo. Zikarudi nane. Mshindi alichukua siku mia moja na kumi na tisa, na aliposhuka alituomba vitu viwili: krepu, ile chapati yetu nyembamba ya ngano nyeusi, yenye yai, na mtu wa kumnyamazia. Mimi nilipelekwa kwa magongo yangu nimpe hilo la pili. Nikashindwa.

Mwaka 1991 mtu mmoja hakurudi. Katika daftari la Soizic kila boti ina mstari wake: namba ya lakiri wakati wa kwenda, hali yake wakati wa kurudi. Mstari wa tisa wa mwaka ule una namba ya kwenda tu. Hajawahi kuufunga. Baada ya hapo ndipo zikaja sheria za vifaa vya kuomba msaada na ule mstari wa barafu kule Bahari ya Kusini ambao hakuna ruhusa kuuvuka. Mwaka 1999 mwanamke akamaliza wa pili, na wale wazee wa kilabu waliokuwa wakisema bahari si jiko wakasukumana gatini nani ambebee kamba. Zikaja setilaiti, zikaja picha za video. Zikaja boti zenye mabawa zinazopaa juu ya maji, na majira haya ya baridi mshindi ametumia siku sitini na sita. Kila kitu kimebadilika isipokuwa waya, risasi, na yule mwanamke mwenye tochi mdomoni.

Nimeruka mwaka 1995. Mmegundua wachache, wale wa zamani. Sasa nirudi.

Katika mashindano hayo Padrig Le Dantec, mtoto wa hapahapa, mwana wa mwokaji mikate, alizunguka dunia kwa boti aliyoijenga mwenyewe kwenye ghala la viazi. Alivuka mstari wa mwisho tarehe 27 Februari 1996, wa tatu, siku mia moja na ishirini na moja. Mji mzima ulikuwa kwenye kuta za bandari. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mmoja wa vijana wanne waliotumwa kwa boti za mpira kwenda kumsaidia kushusha matanga na kumvuta aingie. Na mnajua mlango wetu wa bandari: maji yakikupwa, boti ya kina kile haipiti, inabaki nje saa sita. Nilikuwa nimeshawatangazia watu wa gatini kwamba Padrig nitamwingiza mimi kabla kengele ya kanisa haijamaliza kupiga.

Injini ya boti moja ya kuvuta ikazima. Maji yanakupwa. Padrig yuko mbele kabisa ya boti yake, analia na kupungia watu mkono, hajui aliko. Injini yake inanguruma kwa ajili ya betri. Mimi nimeshapanda kwake, niko upande wa nyuma, na mkono wangu uko karibu na gia.

Niliisukuma mbele. Nikahisi kitu kikikatika kwenye mpini, kitu kidogo, kama uzi wa kifungo. Boti ikarudi nyuma badala ya kwenda mbele, nikadhani ni mkondo, nikaitoa gia. Nusu dakika haikufika. Ile boti ya kuvuta ikawaka, tukaingia, kengele bado inapiga. Nikabebwa mabegani.

Soizic akashuka kwenye tundu la injini, akatoka ameshika waya uliokatika. Akatupitia mmoja mmoja pale gatini.

“Fañch, umegusa injini?”

“Mimi? Mimi nilishika kamba tu.”

“Uniangalie.”

“Nakuangalia, Soizic. Kamba tu.”

Padrig alisema hakugusa. Kamati ikakaa, wanaume watano. Soizic aliwaambia kwamba ncha ya waya inang'aa, si ya waya uliokaa na chumvi miezi minne, kwa hiyo umekatika sasa hivi, si baharini. Mwenyekiti akamjibu kwamba waya wa aina hiyo hung'aa siku zote, na yeye alitakiwa kusema kitu kimoja tu: mzima au umekatika. Akasema umekatika. Padrig akaenguliwa. Kwenye ukuta wa mlango wa bandari, pale yanapopakwa majina ya waliomaliza, mwaka 1996 una wa kwanza, wa pili, wa nne.

Aliiuza boti akaenda kufuga chaza kule mtoni. Sokoni aliwauzia watu wote, mimi akinichagulia wakubwa wakubwa na kuniongezea ndimu, lakini Soizic akitokea alimgeuzia mgongo. Soizic akaacha kula chaza. Mtu wa hapa, Krismasi ishirini na nane bila chaza! Mkimwuliza husema tumbo lake haliwawezi.

Na ndipo akaja na desturi yake mnayoipenda kumpiga picha. Tangu 1999 haisubiri boti gatini tena. Huenda nje na boti ya mpira, mawimbi yawe ya namna gani, na huruka yeye wa kwanza, kabla mtu yeyote hajaweka mguu, akaketi juu ya kifuniko cha tundu la injini mpaka boti ifungwe. Vijana wakamwita Kuku wa Kuatamia. Mwaka 2011 aliteleza akavunja mbavu mbili, akaketi vilevile. Majira haya ameruka akiwa na miaka sitini na mitano, nyonga yake ikilia kama bawaba. Mimi ndiye nilikuwa namshika mkono aruke. Kila mara. Najua kwa nini alikuwa anaruka, na nilikuwa namshika mkono.

Padrig alizikwa Oktoba iliyopita. Soizic alisimama nje ya kanisa kwenye mvua, upande wa pili wa barabara, hakuingia. Mimi niliingia. Niliimba, tena kwa sauti.

Ilinichukua mpaka Aprili. Jumanne moja nilimkuta ofisini kwake anapanga mafaili ya kuacha, krepu yake ya mchana imepoa kwenye sahani.

“Soizic, waya wa Padrig niliukata mimi.”

“Na yule ng'ombe?”

“Ng'ombe gani?”

“Uliyemwokoa. Naye alikuwa kwenye boti?”

“Sikutanii.”

“Fañch, nina makaratasi ya miaka thelathini na saba hapa. Hadithi zako kawapelekee walevi.”

Hapo ndipo nilipolipia kila wimbi nililowahi kulirefusha, kila samaki, kila dhoruba. Nilikuwa na jambo moja la kweli maishani na halikuwa na wa kulipokea. Nikasema tu nilichokumbuka, “Niliingiza gia mbele, boti ikarudi nyuma.”

Akaacha kupanga mafaili.

“Umesema?”

“Nilisukuma mbele, ikarudi nyuma. Sijui kwa nini hata leo.”

“Nani alikwambia kwamba gia ya Padrig ilifungwa kinyume?”

“Hakuna. Ilifungwa kinyume?”

Akafungua kopo la biskuti za siagi. Ndani, kwenye pamba, waya. Akavaa miwani, ingawa nadhani aliujua hata gizani. “Boti ikisukumwa mbele, waya ungejiviringa kulia,” akasema. “Huu umejiviringa kushoto, na Padrig aliyeifunga gia yake mwenyewe asingekosea. Niliandika kwenye daftari jioni ileile, hakuna aliyesoma. Miaka ishirini na nane najiuliza ni mwizi gani wa mbio anayeiba kinyumenyume.”

Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana. Alichukua fomu ya ukaguzi, ileile ya siku zote, akanisukumia. “Andika. Saa, mahali, nani. Usiongeze kitu.”

Mnajua mimi na shule tuliachana nikiwa na miaka kumi na minne. Nikaandika mistari sita, jasho likinitoka. Akaisoma, akakata neno moja. Nilikuwa nimeandika kwamba niliisukuma gia kidogo. Alikata “kidogo”. Akatia sahihi yake chini ya yangu. Hiyo ndiyo taarifa yake ya mwisho kazini, na kamati ya sasa imeikubali tarehe 14 mwezi huu. Le Dantec amerudishiwa nafasi yake, wa tatu.

Nilikwenda mwenyewe kwa Maryvonne, mjane wake. Alinisikiliza mlangoni. Hapa kwetu hata mtoza kodi hupewa kahawa; mimi sikupewa. Nilipomaliza akasema, “Unajua alikufa akidhani nini? Kwamba labda alifanya yeye. Usingizini. Miezi minne baharini alilala dakika ishirini ishirini, na miaka yote baadaye akawa anaamka hapa kitandani ananiuliza, Maryvonne, labda nilifanya?” Kisha akasema, “Soizic aje Ijumaa. Wewe nawe uje. Lakini usifungue mdomo.”

Ndiyo maana nimeyaandika hapa, nikiwa na ruhusa ya Soizic, ambaye amekagua karatasi hii kama anavyokagua kila kitu. Ya ng'ombe ameniachia.

Ijumaa saa nne asubuhi, maji yakiwa yamejaa, njooni ukutani. Jina la Padrig litapakwa rangi mahali palipokaa wazi miaka yote hii, kisha Soizic atamkabidhi anayempokea lile koleo la kubania risasi. Zawadi hataki. Keki ya siagi na mvinyo wa tufaha vitakuwepo kama kawaida yetu, na hotuba zitatolewa na wengine.

Asante, Soizic, kwa lakiri mia mbili na kumi na tatu, na kwa kuliamini jicho lako hata pale sisi tulipokuzuia kusema lilichoona. Mashindano yajayo ni 2027. Kaa ukutani na koti lako zito, uone wengine wakiruka. Tunakuombea nyonga itulie, asubuhi zako ziwe ndefu, na hilo kopo la biskuti sasa utie biskuti. Maryvonne hajasema lolote kuhusu Krismasi. Ila nilipokuwa nageuka kuondoka mlangoni kwake, aliniuliza kama bado unapenda chaza wadogo.

Nilimwambia ndiyo. Sikuongeza kitu.