Mikuki Miwili ya Mzee Kasele

Baba Paroko, majirani, na wafuga nyuki mliotoka porini kuja kutufariji, mimi ni Nyamizi, binti wa pili wa marehemu, na familia imenipa karatasi hii niisome mimi kwa sababu kaka yangu alikiri kwamba angeruka mistari.

Marehemu Mzee Ladislaus Kasele Mgalula alizaliwa tarehe 12 Agosti 1951 hapa Mpombwelo, wilaya ya Sikonge, akasoma shule ya msingi hapa hapa, kisha akaingia porini na baba yake, akarithi mizinga arobaini ya magome pamoja na alama ya ukoo, mikuki miwili iliyopishana, ambayo kila mtu wa hapa anaijua. Tarehe 6 Julai 1974 alifunga ndoa na mama yetu, Matrida Kalunde, wakajaliwa watoto watano, na wanne tuko hai.

Mwaka 1998 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kikundi cha wafuga nyuki, ambacho mizinga yake ililindwa kwa zamu ya wiki moja moja, na ilikuwa katika zamu ya baba, Oktoba 2009, mizinga kumi na tisa ilipokutwa chini, imepasuliwa, asali hakuna. Baba alisema ni nyegere. Mwenyekiti wa kikundi wakati huo, Mzee Sizya Kapalata, ambaye tunamshukuru kwa kufika na ameketi pale safu ya pili, alisimama mkutanoni akasema, "Nyegere gani huyo, Kasele, anayevaa kandambili?" Watu wakacheka, baba akafukuzwa, na Mzee Kapalata akashika shoka kwa mkono wake mwenyewe, akaifuta mikuki miwili kwenye mizinga yetu yote arobaini, adhabu ambayo huku kwetu hupewa mwizi. Mama aliacha kwenda kisimani mchana.

Baba hakugombana na mtu. Alirudi kwenye mmoja wa miti ya mizinga iliyopasuliwa, akabandua gome lenye alama za makucha ya mnyama yule, manne tu, maana nyegere huyo alikuwa amepoteza moja kati ya matano, akalihifadhi darini, na kwa miaka miwili akafuatilia nyayo zake, akajifunza kuning'iniza mzinga kwa waya mbali na shina, na kulivika shina bati ili makucha yateleze. Akawafundisha wafuga nyuki wote wa Mpombwelo, hata waliomcheka, isipokuwa mmoja. Mama alipomuuliza kwa nini, alijibu, "Muache. Nyegere naye ana watoto."

Tarehe 17 Mei 2012 mizinga sitini ya Mzee Kapalata, iliyokaa kwenye panda za miti kama zamani, iliangushwa yote. Baba alilibeba lile gome, akaliweka kando ya makucha mapya mbele ya wanakikundi, yakalingana, manne kwa manne, naye akarudishwa kikundini siku hiyo hiyo. Mzee Kapalata alisema, "Yameshapita hayo, Kasele, tunywe wanzuki." Baba hakunywa pombe hiyo ya asali. Alisubiri kuombwa radhi miaka kumi na miwili, nasi tulisubiri naye, na nasema wazi kwamba bado tuna hasira, na mwenye nyingi zaidi ni mimi.

Alianza kuugua figo Machi 2023, akafariki tarehe 3 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika, na wanakikundi waliochimba kaburi.

Limebaki agizo moja. Baba alitukataza kuichonga sisi wenyewe alama ya ukoo kwenye msalaba wake, alitaka aliyeifuta ndiye airudishe, mbele ya watu walewale waliocheka. Msalaba uko hapa mezani, patasi na nyundo viko kando yake, na jeneza halitashuka kabla ya hapo.

Mzee Kapalata, shikamoo. Karibu mbele.

Baba, utapumzika kwa amani, tunakuchelewesha kidogo tu.